Mount Vernon: jinsi ya kuipanga siku yako nyumbani kwa George Washington

Wengi wanaokwenda Mount Vernon huifanya safari hivi: wanafika saa sita mchana, wanasubiri zamu ya kuingia nyumbani, wanapitishwa vyumbani kwa nusu saa, wanapiga picha barazani na mto nyuma yao, wanaondoka. Hapo umeona mapazia na viti. Washington alikuwa mkulima na mfanyabiashara kabla na baada ya kuwa rais wa kwanza wa Marekani, na mwaka 1799 alipofariki, eneo lake lilikuwa na ukubwa wa karibu ekari 8,000, limegawanywa mashamba matano, likiendeshwa na watumwa 317. Nyumba ilikuwa kichwa tu cha mwili huo. Leo zimebaki kama ekari 500, bado ni nyingi kwa miguu ya mtu mmoja, na usipozipanga utaishia kwenye foleni na dukani.

Tenga saa nne kwa uchache. Tano au sita ni bora, na ukitaka na kinu na mtambo wa pombe, hiyo ni siku nzima.

Usiende Mount Vernon isiyo yenyewe

Hili linawapata wageni kila mara. Jina Mount Vernon limetapakaa Marekani: kuna mji wa jina hilo karibu na New York, kuna mtaa Baltimore, kuna barabara ya Mount Vernon Avenue mjini Alexandria. Kibaya zaidi, kuna kituo cha treni kiitwacho Mt Vernon Sq katikati ya jiji la Washington, kwenye mstari wa njano, na treni nyingi za mstari huo huandikwa jina hilo kwenye kioo cha mbele. Ukiipanda hiyo kwa furaha, unaelekea kaskazini wakati nyumba iko kusini, na utashuka mahali ambapo ni kama kilomita 24 kutoka unakotaka. Kwenye ramani ya simu andika "George Washington's Mount Vernon", na hakikisha anwani ni 3200 Mount Vernon Memorial Highway, jimbo la Virginia.

Tiketi, na saa iliyoandikwa juu yake

Mahali hapa si pa serikali. Panamilikiwa na chama cha Mount Vernon Ladies' Association, kilichoanzishwa na Ann Pamela Cunningham mwaka 1853, wakati nyumba inaoza na mwenyewe hana uwezo wa kuitunza. Chama kilikubaliana kuinunua mwaka 1858 kwa dola 200,000. Kwa hiyo kadi za hifadhi za taifa za Marekani hazifanyi kazi hapa; msiba wa watu wengi hutokea dirishani pale.

Geti hufunguliwa siku zote 365 za mwaka, Krismasi ikiwemo, kuanzia saa tatu asubuhi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hufungwa saa kumi na moja jioni. Kuanzia Novemba hadi Machi, saa kumi. Bei ya mtu mzima imekuwa ikikaribia dola 30, na kununua mtandaoni mapema huwa nafuu kuliko getini. Bei hubadilika, kwa hiyo itazame tovuti yao siku unayonunua. Kama unaishi Maryland, Virginia au jijini na una ndugu wanaokuja kila mwaka, piga hesabu ya kadi ya mwaka kabla hujalipa tiketi ya siku moja mara ya tatu.

Elewa jambo moja: kuingia uwanjani na kuingia ndani ya nyumba ni vitu viwili. Uwanjani unaingia wakati wowote. Nyumbani unaingia kwa saa maalumu, na nafasi za saa hizo huisha, hasa Aprili na Mei (mabasi ya wanafunzi), Julai na Agosti, na wikendi za Oktoba. Chagua saa ya mapema kuliko zote unayoweza kuifikia. Vyumba vinakuwa na watu wachache, na joto bado halijapanda.

Na sasa lile dogo linalowachanganya wazee wetu: tiketi imeandikwa kwa saa za Kizungu. Ikisema 9:40, ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mama akikuuliza mtaingia saa ngapi ukamjibu "saa tisa na dakika arobaini", atajipumzisha hotelini mpaka alasiri.

Fika getini dakika 40 kabla ya saa ya tiketi. Kuna ukaguzi wa mikoba, kisha jengo la mapokezi, kisha mwendo wa dakika kumi hivi kwenda nyumbani, na mwenye mtoto au mzee huongeza tano. Ukichelewa, zungumza na mhudumu aliye mlangoni kwa upole. Siku zisizo na watu wengi huweza kukuingiza na kundi linalofuata, siku za msongamano usitegemee.

Jumatatu ya tatu ya Februari, sikukuu ya kuzaliwa Washington, kwa desturi kuingia ni bure. Utalipa kwa foleni. Mwenye watoto wadogo asiende siku hiyo.

Kufika

Kwa gari ni rahisi: chukua barabara ya George Washington Memorial Parkway kuelekea kusini, pita Alexandria, endelea kando ya mto kama kilomita 13 zaidi mpaka barabara yenyewe iishe kwenye mzunguko ulio mbele ya geti. Maegesho ni bure. Usiegeshe kando ya barabara ili kupiga picha mtoni. Ziko sehemu maalumu za kusimama.

Kwa usafiri wa umma:

1. Panda treni ya mstari wa njano inayoelekea Huntington. Kutoka uwanja wa ndege wa Reagan ni mstari uleule, upande uleule wa kusini.
2. Shuka kituo cha mwisho, Huntington. Kina njia mbili za kutokea, moja juu ya kilima na nyingine chini. Tokea ya chini, iliyoandikwa Huntington Avenue. Ukitokea ya juu utaona mabasi mengi, ila si lako.
3. Tafuta basi la Fairfax Connector nambari 101. Mwambie dereva unashuka Mount Vernon.
4. Kadi ya SmarTrip uliyolipia treni inalipia na basi. Ijaze pesa za kurudi kabisa kabla ya kutoka kituoni.

Linaloharibu safari hii ni basi la kurudi. Jioni na wikendi mabasi hupishana kwa muda mrefu, na ukilikosa moja unaweza kukaa karibu saa nzima kwenye benchi. Ukishuka tu, piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni, uchague basi lako la kurudi papo hapo, na siku yako uihesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Gari la kuita kwa simu kutoka Huntington si ghali mno kama mko watatu au wanne.

Msimu wa joto kuna boti za abiria zinazoteremsha watu kwenye gati la Mount Vernon. Zinapendeza, lakini saa za boti ndizo zinazokutawala, na mara nyingi hubaki na saa tatu tu uwanjani. Waendesha baiskeli wana njia yao, Mount Vernon Trail, kilomita 29 kutoka kisiwa cha Theodore Roosevelt hadi getini. Ni tambarare sehemu kubwa. Kilomita ya mwisho ni mlima, na huwakuta watu miguu imeshaisha.

Cha kubeba na cha kuacha

Viatu vya kutembelea, si vya kupigia picha. Njia nyingi ni za changarawe, na mteremko wa kwenda mtoni ni mkali. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na unyevu wake ni kama wa Mombasa mwezi wa Machi, bila upepo wa bahari. Beba maji na kofia. Gari la mtoto haliingii ndani ya nyumba, huachwa nje. Ghorofa ya chini hufikika kwa kiti cha magurudumu; ghorofa ya juu ni ngazi tu. Kuhusu picha za ndani, muulize mhudumu wa mlangoni, kwani kanuni si lazima ziwe zile ulizozikuta mwaka juzi.

Chakula kipo nje ya geti: ukumbi wa vyakula vya haraka, na mgahawa wa Mount Vernon Inn ambao unajulikana kwa supu ya karanga. Mapishi ya Virginia ya zamani yanapenda nguruwe, mpaka ndani ya mboga za majani na maharage. Usiyekula, uliza kila sahani, usiangalie jina lake tu. Waliobeba chapati na maharage yao wapange kulia Fort Hunt Park, bustani ya umma iliyo njiani mnapotoka Alexandria.

Kabla ya kuingia nyumbani, zunguka nje

Simama kwenye uwanja wa majani upande wa magharibi na uitazame nyumba kwa dakika tano. Madirisha hayakukaa sawa. Upande mmoja wa mlango yamebanana, upande mwingine yameachana, na mlango wenyewe hauko katikati kabisa. Hii ndiyo historia ya jengo, mbele ya macho. Baba yake, Augustine, alijenga nyumba ndogo mwaka 1734. George alianza kuikodi mwaka 1754 kutoka kwa mjane wa kaka yake Lawrence, akaipandisha ghorofa mwaka 1758, akaimiliki 1761, na kuanzia 1774 akaiongezea mbawa mbili, kaskazini na kusini. Vita vya uhuru wa Marekani vikaingia katikati, kazi ikaendelea bila yeye. Kila nyongeza ilibidi ishikane na ngazi na vyumba vilivyokwishakuwapo, ndiyo maana ulinganifu ukawashinda. Kijumba kile cha juu ya paa kiliwekwa kwa sehemu ili jicho lidhani kuna katikati. Njiwa aliye juu yake, wa kuonyesha upepo, aliagizwa 1787.

Kisha sogea ukutani. Utadhani ni mawe ya kuchonga. Ni mbao za msonobari, zimekatwa kingo mshazari ili zifanane na mawe, zikapakwa rangi, na rangi ikiwa bado mbichi zikarushiwa mchanga. Hila hii ilikuwa ya watu wa hali ya juu waliotaka jengo la mawe bila gharama ya mawe. Usipapase, mchanga hudondoka.

Baraza la upande wa mto, lenye nguzo nane za mraba zinazofika hadi paa la ghorofa ya pili, liache kwa baada. Utatokea huko, na viti vipo.

Ndani: mambo matano ya kutafuta

Mwendo wa ndani ni wa haraka, na maelezo ni kwa Kiingereza. Kama unaye mzazi asiyekijua, msimulie yote nje, kwenye majani, kabla ya zamu yenu. Kunong'ona kwenye mlango mwembamba huku watu ishirini wako nyuma hakumfaidishi mtu. Miaka ya karibuni nyumba imekuwa na matengenezo makubwa ya msingi na mbao za chini, na vyumba hufungwa na kufunguliwa, kwa hiyo usimwahidi mtu chumba fulani kabla ya kuangalia tovuti.

Chumba kikubwa cha kaskazini, wanachokiita New Room, kina dari ya juu na dirisha pana lenye tao. Tazama plasta ya darini: ni zana za kilimo. Mwenye nyumba alitaka wageni wajue wamekuja kwa mkulima. Hapa ndipo mwili wake ulipolazwa siku tatu, Desemba 1799.

Ukumbi wa katikati umefunikwa mbao zinazofanana na mahogani. Ni msonobari tena, umechorwa kwa brashi. Ukutani kuna kisanduku kidogo cha kioo chenye ufunguo mkubwa wa chuma. Ni ufunguo wa gereza la Bastille la Paris, zawadi ya mwaka 1790 ya Lafayette, jenerali Mfaransa aliyekuwa rafiki yake, uliopitia mikononi mwa mwandishi Thomas Paine. Wengi wanaupita wakitazama ngazi.

Chumba cha kulia kidogo kina rangi ya kijani inayoumiza macho. Si kosa la waliokarabati. Rangi ilikuwa ghali enzi hizo, na mwenye nayo aliionyesha.

Chumba cha kulala cha juu ndicho alichofia usiku wa tarehe 14 Desemba 1799, kwa ugonjwa wa koo, baada ya kutoka kutembelea mashamba katika theluji na mvua siku mbili kabla. Waganga walimtoa damu mara nne siku hiyo. Mwongoza wageni atawataja waganga na katibu wake, Tobias Lear. Wewe ongeza na waliokuwa wamesimama humohumo chumbani: Christopher Sheels, Caroline Branham, Molly na Charlotte, watumwa wote wanne. Baada ya hapo mkewe, Martha, alikifunga chumba, akahamia ghorofa ya tatu.

Chumba cha kazi, chini, kina kiti cha kuzunguka na kingine chenye feni ya juu inayoendeshwa kwa kukanyaga. Kila alfajiri alikuwa humu akiandika barua na kukagua taarifa za wanyapara wa mashamba. Tunajua mengi juu ya waliofanya kazi hapa kwa sababu ya hesabu zake, alikuwa haachi kitu.

Uani: hapa ndipo pa kukaa

Ukitoka, wenzako watakimbilia barazani. Wewe nenda jikoni, lililojengwa mbali na nyumba kwa hofu ya moto na kwa ajili ya joto. Mpishi mkuu aliyejulikana zaidi, Hercules, alipelekwa Philadelphia kumpikia rais, akarudishwa, kisha akatoroka kutoka hapahapa tarehe 22 Februari 1797, siku bwana wake anatimiza miaka 65. Walioshika jiko baadaye ni Lucy na Nathan.

Kutoka jikoni pita mlango kwa mlango kwenye vijia vya kusini na kaskazini: nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, dobi, ghala, nyumba ya kusokotea nyuzi, banda la magari ya farasi, na hata jengo la kuhifadhia mbolea ya samadi, ambalo watalii hulicheka na wakulima hulipenda. Washington alikuwa akijaribu kufufua udongo uliochoshwa na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1760 alikuwa ameiacha tumbaku na kuhamia ngano. Banda la mhunzi liko kaskazini, na mara nyingi kuna mtu anafua chuma kweli.

Yaliyopo ni sehemu ya yale ya asili na sehemu ya yaliyojengwa upya. Jengo la bustani la kuoteshea michungwa, lenye mabweni ya watumwa kwenye mbawa zake, liliungua mwaka 1835. Unaloliona ni la karne ya 20, likifuata michoro na misingi. Ingia bweni. Vitanda vya mbao vya ngazi ngazi, meko moja, vyungu vichache. Sasa geuka uitazame bustani ya maua kupitia mlangoni.

Posho ya mtu mzima ilikuwa kama lita moja ya unga wa mahindi kwa siku na gramu 140 hadi 230 za samaki wa chumvi. Samaki walivuliwa mtoni humo humo, kwa nyavu, na watumwa wenyewe. Siku sita za kazi tangu jua kuchomoza hadi kuzama, Jumapili mapumziko. Waume na wake wengi waligawanywa mashamba tofauti, kwa hiyo mwendo wa Jumamosi usiku ulikuwa wa kilomita kadhaa kwenda kuonana. Msomaji aliyezowea ugali ataona unga huo ukitajwa tena mezani kwa Washington: kifungua kinywa chake alichokipenda kilikuwa vikate vya unga wa mahindi, vimezamishwa kwenye siagi na asali.

Hesabu ya wale 317 ina mitego, na wageni wengi huondoka wameielewa nusu. Mali yake mwenyewe Washington walikuwa 123. Wengine 153 walikuwa fungu la mjane: walitoka kwenye mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, na kisheria wala Washington wala Martha hawakuweza kuwaachia huru. Waliobaki, 41, walikodiwa kutoka kwa wengine. Katika wosia wake aliamuru wale 123 waachiwe huru Martha akishafariki. Mtumishi wake wa vitani, William Lee, aliachiwa hapo hapo na kupewa dola 30 kwa mwaka. Martha hakungoja, aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Alipofariki 1802, wale wa fungu la mjane waligawiwa wajukuu zake wanne. Kwa kuwa watu wa mafungu haya mawili walikuwa wameoana miaka mingi, kuna nyumba ambamo baba alitoka huru, mama na watoto wakabebwa. Kama utamuuliza mwongoza wageni swali moja tu, uliza hili.

Kuna ziara maalumu ya maisha ya watumwa, inayolipiwa kidogo juu ya tiketi ya kawaida. Ikiwa ipo siku yako, ichukue, na kama fedha inatosha kwa nyongeza moja, iwe hiyo. Waongozaji wake hutumia neno la Kiingereza lenye maana ya "waliofanywa watumwa". Ukimtafsiria mzee, tafsiri hivyo, maana ndiyo nukta wanayoitaka.

Makaburi mawili

Fuata njia kusini mwa nyumba, ukishuka taratibu. Kwanza utapita kaburi la zamani kwenye mteremko wa mto, lililokuwa linaingia maji. Wosia uliagiza jipya la matofali, likakamilika 1831. Nyuma ya geti la chuma kuna majeneza mawili ya marumaru. La George ni la kulia, ukitazama kutoka nje ni lile lenye nakshi zaidi. Kila siku kuna sherehe fupi ya kuweka shada. Saa zake zimo kwenye ramani utakayopewa, na wageni huweza kuombwa kushiriki.

Wengi hugeukia hapo na kurudi. Endelea hatua chache kusini-magharibi, ndani ya miti. Kuna bamba la mwaka 1929 na nguzo ya mawe iliyokatwa, ya mwaka 1983, iliyobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Ni makaburi ya watumwa. Hayana majina wala mawe ya kichwani. Tangu 2014 wanaakiolojia wamekuwa wakiondoa tabaka la juu la udongo tu ili kuona umbo la kila shimo, bila kufukua mtu. Ukikuta kamba zimetandazwa ardhini, usizivuke.

Mtoni

Njia inaendelea kushuka hadi gati na shamba la maonyesho. Kushuka ni dakika kumi na tano, kupanda ni ishirini na tano na maneno machache. Msimu wa joto huwa kuna gari la kuwapandisha watu. Uliza linapita saa ngapi kabla hujashuka.

Kilichoko chini ni kizuri kwa watoto na kwa yeyote aliyewahi kupura nafaka. Ghala la mviringo, kwa kweli lina pande 16, ni nakala ya lile Washington alilolichora mwenyewe miaka ya 1790. Farasi walikimbizwa juu ya ngano kwenye sakafu ya juu, na mbao za sakafu ziliachiwa nafasi ya kama sentimita 4, punje zikadondoka chini safi na majani yakabaki juu. Nafasi ikiwa ndogo mno punje hazipiti. Kubwa mno, majani yanafuata. Alipiga hesabu ya matofali ya ghorofa ya chini mwenyewe: 30,820. Karibu yake kuna kibanda cha magogo na udongo, takriban mita 4 kwa 5, mfano wa makazi ya familia za mashamba ya mbali. Kikisimama karibu na ghala lile, huhitaji maelezo.

Ng'ambo ya mto ni Maryland, na utaona miti mitupu. Msitu huo umehifadhiwa kama bustani ya taifa, Piscataway Park, makusudi ili mwonekano wa kutoka barazani usijengwe.

Makumbusho, kwa wenye meno na wasio nayo

Yako karibu na geti la kutokea, chini ya ardhi sehemu kubwa, yana kiyoyozi. Kwa hiyo yaache kwa saa ya joto kali au mvua. Tazama mambo mawili. Sanamu ya kichwa iliyofanywa na mchongaji Mfaransa Houdon hapahapa mwaka 1785, kwa uso wake halisi. Ndiyo sura yake ya kuaminika kuliko noti ya dola. Na meno ya bandia. Si ya mbao, hadithi hiyo imeishi bure. Ni pembe, risasi, meno ya wanyama na meno ya binadamu. Kitabu cha hesabu cha Mei 1784 kinaonyesha malipo ya shilingi 122 kwa "Weusi" kwa meno tisa.

Kinu na mtambo wa pombe

Hivi viko kilomita 4 na zaidi kidogo kutoka geti kuu, na huwa wazi wikendi tu kati ya Aprili na Oktoba. Barabara haina njia nzuri ya waenda kwa miguu. Nenda kwa gari. Meneja Mskoti, James Anderson, ndiye aliyemshawishi Washington mwaka 1797. Kufikia 1799 mitambo mitano ilitoa takriban lita 41,000 za wiski, kazi ikifanywa na watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Mchanganyiko ulikuwa asilimia 60 nafaka ya rai, 35 mahindi na 5 kimea cha shayiri. Mwenye kuujua mtambo wa gongo ataelewa kila bomba bila mkalimani, na asiyekunywa ataburudika na mawe ya kinu, yanayozungushwa kwa nguvu ya maji.

Mwezi gani?

Oktoba katikati ya wiki, kama unaweza kuchagua. Aprili ina maua na pia mabasi arobaini ya shule. Januari na Februari ni baridi, tupu na rahisi. Wenye subira na makoti huona mengi. Desemba kuna jioni za mishumaa, tiketi zake huisha mapema, na kuna ngamia: Washington alilipa shilingi 18 mwaka 1787 ili ngamia aletwe kuwafurahisha wageni wa Krismasi, na desturi hiyo imerudishwa. Wasomaji wetu wa Garissa na Muscat watasimama wakishangaa wanaomshangaa.